Gofu Yake, Mvua Yangu

Jirani, sogea hapa kibandani nikueleze, maana nikinyamaza nitapasuka. Hivi mvua ya Kigoma unaijua au unaisikia tu redioni? Huku kwetu msimu ni mmoja. Ikianza Novemba hivi, breki hakuna mpaka Aprili. Na haina adabu. Juzi imenyesha, jana imerudi kuangalia kama kuna kilichobaki kikavu, leo imekuja na upepo. Mtu mwenye akili zake mvua ya hivyo anafanya nini? Anatafuta shuka. Anapiga ugali wa muhogo na mgebuka, analala. Hata bodaboda wa hapa Mwanga, watu ambao kwa buku mbili wanakupeleka popote, mvua ikichanganya wanajibana barazani kwenye maduka, pikipiki zinaoga peke yake.

Mimi siku hiyo nilikuwa wapi? Ujiji, ufukweni, katikati ya majani, nimebeba begi la vyuma vya mtu.

Mtu mwenyewe ni shemeji. Kaka mkubwa wa mke wangu, anakaa Dar. Ana kazi nzuri, ana kitambi cha kazi nzuri, na siku hizi ana gofu. Zamani alikuwa na presha tu. Daktari akamwambia atembee. Sasa wewe ukiambiwa utembee si unatembea? Buguruni mpaka Kariakoo, bure, na mihogo ya kukaanga unakula njiani. Yeye akaona kutembea bure ni kujidhalilisha, akanunua fimbo za mamilioni ili apate sababu ya kutembea.

Akaja kwa treni. Reli ya Kati, zaidi ya kilomita 1,200, mpaka kwetu mwisho wa reli. Nikaenda stesheni kumpokea. Naona begi refu, zito, zipu za maana. Moyoni nikasema hiyo ni TV, watoto wataacha kwenda kuchungulia mpira dirishani kwa watu. Nikalidaka mwenyewe. Kijana mmoja wa mkokoteni alitaka kulibeba, nikamfokea. Tunafika nyumbani, zipu inafunguliwa, naona fimbo. Zipo 14. Shemeji akanieleza kwamba kanuni haziruhusu zaidi ya hapo, akasikitika. Na mimi kwa heshima nikasikitika naye.

Kesho yake asubuhi, chai bado iko mdomoni: "Shemeji, uwanja wa gofu hapa uko upande gani?"

Jirani, mimi Kigoma nimeuona uwanja wa ndege. Nimeuona uwanja wa Lake Tanganyika, ule ambao Simba walimfunga Yanga 1-0 fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2021, na mpaka leo wapo watu mtaani kwangu hawaazimani chumvi. Wa gofu sijawahi kuuona. Nikamwambia hivyo. Akasema si lazima uwanja, mashindano yamekaribia na anachotaka ni kunyoosha mkono tu, majani yanatosha. Akatazama simu. Simu ikasema jua. Mimi nikatazama ng'ambo. Milima ya Kongo haipo. Mtoto wa darasa la pili hapa Kigoma anajua, milima ya Kongo ikipotea mchana unakimbia kuanua nguo. Lakini mimi ni nani nibishane na simu ya milioni tatu?

Najua utaniuliza, si ungekataa. Ningekataaje wakati bati zilizo juu ya kichwa changu ni hela yake? Alinikopesha, akasema utarudisha ukipata. Sijapata. Kwa hiyo kila akija Kigoma, mimi ndiye ninayepatikana.

Akakodi pikapu, tukashuka Ujiji. Njiani nawaza. Huu mji na mizigo ya wageni wametoka mbali. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilikuwa inaishia hapa. Burton na Speke waliingia Februari 1858, Burton hoi kwa maradhi, Speke macho yanamuuma kiasi kwamba ziwa lenyewe hakuliona vizuri. Lakini mizigo ilifika, vichwani mwa watu. Stanley naye 1871 aliingia na bendera mbele, wapagazi nyuma, anamtafuta Livingstone. Wazungu hao wana sanamu, wana makumbusho. Waliobeba utawatafuta kwa tochi. Mimi nilidhani mambo hayo yaliisha reli ilipofika Kigoma mwaka 1914. Kumbe upagazi ulikaa pembeni kidogo unapumua.

Maana shemeji alishuka garini mikono mitupu. "Wewe leo ndiye kedi wangu." Akanifariji kwamba wachezaji wengi wakali wa Afrika Mashariki walianzia kwenye ukedi. Nikamuuliza walianza wakiwa na umri gani. Akasema utotoni. Mimi nina mtoto kidato cha nne.

Basi akachomeka kijiti kwa mbali, hilo ndilo shimo. Akapiga wa kwanza. Ukaenda vizuri, nisimdhulumu. Kabla hatujaufikia, tone la kwanza likaniangukia shingoni. Nikamwambia shemeji, turudi. Akacheka. Gofu kwao ni Uskochi, ananiambia, na Uskochi mvua na upepo ni kila siku na watu wanacheza mpaka jioni. Sikujibu. Uskochi sijafika, lakini kwetu Kasulu mvua ikinyesha hata mbuzi wanaingia ndani.

Halafu tazama tulivyovaa. Yeye koti la mvua lisilopenyeza hata moshi, kofia, glavu, viatu vyenye meno. Mimi kandambili. Ya kushoto ikang'ang'aniwa na tope, nikavuta, mkanda ukachomoka, nikawa naenda nayo mkononi. Mwavuli ulikuwepo. Mkubwa, wa rangi mbili, familia nzima ingeenea. Nikaufungua kwa furaha, nikaingia chini yake. Shemeji akanitazama kwa mshangao: "Huo ni wa fimbo. Mipini ikiloa inateleza." Nikautoa kichwani kwangu nikaushikilia juu ya begi. Begi liko mgongoni, mwavuli uko mgongoni, maji yote ya mwavuli yanashuka kwenye kola yangu. Fimbo kavu kabisa. Mimi hata pochi imeloa.

Kazi moja tu niliipenda: kuhesabu mikwaju. Nikahesabu kwa haki. Hata ule aliorusha fimbo akaukosa mpira akachota tope, nikauweka. Tukafika kwenye kijiti, watoto wa Ujiji wameshajaa, mvua kwao ni sikukuu. Nikatangaza kwa sauti ili mgeni apate heshima yake: "Kumi na moja! Hongera sana shemeji!" Watoto wakapiga makofi. Shemeji akanuna. Kumbe mchezo wenyewe mwenye nyingi ndiye wa mwisho. Sasa nani alinifundisha? Mimi tangu nizaliwe najua mwenye magoli mengi ndiye anabeba kombe.

Tukasogea upande wa ziwa, na hapo ndipo sheria ilipoingia. Shemeji anasema mpira ukikaa kwenye maji ya muda, yaani dimbwi la mvua, unauokota bure, unauweka pakavu, maisha yanaendelea. Ukiingia ziwani unalipa mkwaju mmoja. Sawa. Mpira ukaenda ukasimama pale majani yanapoingia majini. Shemeji akachutama, akapima kwa macho, akatoa hukumu kwamba hayo ni maji ya muda. Mimi ziwa hili nalijua. Lilipopanda mwaka 2020 na 2021 liliingia mpaka vyumbani kwa watu, Kibirizi na huku Ujiji, watu wakahama na magodoro. Lina mto mmoja tu wa kulitolea maji, Lukuga, kule Kalemie, kwa hiyo likishiba halina haraka ya kuondoka. Alikuwepo mzee mmoja anafunga mtumbwi wake. Nikamuuliza, "Shikamoo mzee. Samahani, haya maji ni ya mvua au ya ziwa?" Mzee akatazama pale, akafikiri. "Marahaba. Hapo palikuwa na choo cha dada yangu."

Shemeji akajipa bure.

Uliofuata haukuwa na ubishi. Ulienda moja kwa moja, tukasikia chubwi. Ziwa Tanganyika, jirani, kina chake mita 1,470, duniani linazidiwa na Baikal tu. Mpira wa gofu gramu 46 hivi, hauelei. Shemeji ananiambia, "Ingia uuangalie, haujaenda mbali." Halafu kwa kunichangamsha ananipa hadithi ya uwanja wa Jinja, Uganda, pale karibu na mto Nile, ambako kuna kanuni kwamba mpira ukitumbukia kwenye unyayo wa kiboko unaruhusiwa kuutoa bila adhabu. Nimesimama maji yamefika magotini, napapasa mchanga kwa vidole vya miguu, natafakari kanuni hiyo. Mpira wameufikiria. Kedi akikutana na kiboko mwenyewe, imeandikwaje?

Lakini yote hayo yalikuwa utangulizi. Msiba wenyewe ulikuwa dagaa.

Msimu wa mvua usimguse mama wa dagaa. Jua likiwaka vizuri, dagaa unaowaanika asubuhi jioni unawazoa, wamekauka, wanang'aa, wanaenda mpaka Dar. Mvua ikikubania, wanalainika, wanaanza kunuka, rangi inakwenda, mwisho wanageuka chakula cha kuku kwa bei ya kukutukana. Huyu mama alikuwa amewahi. Dagaa wake wako juu ya chanja, juu yao turubai la bluu, katikati kasimamisha mti. Mvua imejaza turubai upande mmoja, limefanya tumbo, linaning'inia na ndoo kadhaa za maji. Na yeye yuko chini yake, na fagio, anasukuma lile tumbo taratibu maji yamwagikie nje.

Shemeji akapiga. Sauti nzuri ajabu. Mpira ukapanda, upepo ukaukamata, ukaukunja, nikauona unavyokuja kule nisikotaka. Ukagonga mti. Mti ukalala. Tumbo lote likamwagika ndani.

Kukawa kimya kidogo, mvua tu. Kisha mama akatoka. Dagaa wawili wamemganda shavuni. Akatazama huku na huku kumtafuta mwenye hatia, na akamwona nani? Shemeji yuko mita mia nyuma, msafi, amejificha nyuma ya heshima yake. Mimi niko hapo hapo, nimetangulia kuangalia mpira, mgongoni fimbo 14, mkononi kandambili.

"Wewe baba! Mtu mzima na ndevu zako! Watu tunahangaika na riziki, wewe unacheza?"

"Mama yangu, mimi sichezi. Mimi ni kedi."

"Kedi ndiyo nini? Shika hapa!"

Nikashika. Ningefanyaje? Nikawa mimi ndiye ule mti. Nimeinua turubai kwa mikono miwili, maji yananiingia kwapani yanatokea kwenye suruali, yeye anazoa dagaa kwa beseni huku ananisomea ukoo wangu wote. Watoto wameacha kumfuata shemeji, wamekuja kunitazama mimi. Fidia akataka papo hapo. Shemeji kwa mbali akaonyesha ishara kwamba hana keshi, yake yote iko kwenye simu, na mtandao umekatika. Nikatoa hela ya unga. Ilikuwa imeloa, mama akaianika.

Na radi ikaanza. Mashariki mwa Kongo, upande huo wa ng'ambo, ndipo radi zinapopiga kuliko sehemu nyingine yoyote ya Afrika, satelaiti zimepiga hesabu. Siku hiyo zilivuka ziwa bila pasi. Mwanga, paa! Nageuka kumwambia shemeji tukimbie, namwona ameshafika kwenye pikapu. Anapiga kelele: "Lete begi!" Fikiria picha hiyo. Tambarare, pembeni ziwa, hakuna mti, kirefu kuliko vyote ni mimi, na juu yangu vimechomoza vyuma.

Nikakimbia na mguu mmoja una kandambili. Shemeji akashusha kioo, kidogo tu, mvua isiingie. Akaniambia kuna Mmarekani anaitwa Lee Trevino, bingwa mkubwa, alipigwa na radi uwanjani karibu na Chicago mwaka 1975, akapona, na akaendelea kushinda. Alitaka kunitia moyo. Nikamwomba afungue mlango. Akafungua, akapokea begi. Likakaa kiti cha mbele, likafungwa mkanda. "Shemeji, umeloa sana," akasema kwa huruma ya kweli, "na viti hivi ni vya gari la watu."

Nikapanda nyuma. Ujiji mpaka Mwanga, nyuma ya pikapu, mvua inanipiga usoni, kila abiria wa daladala anaponipita ananipungia.

Jioni niko kitandani, mafua yamenikaba, simu ikalia. Kundi la WhatsApp la ukoo wa mke wangu. Shemeji ametupia picha, aliyeipiga ni mtoto mmoja wa pale Ujiji: yeye kanyanyua fimbo, nyuma ziwa limechafuka, tabasamu. Ameandika kwamba michezo haijui mvua. Mimi pembeni nimekatwa, ninaonekana bega na mkono ulioshika mwavuli. Watu wakamwaga makopakopa. Kisha ikaingia sauti ya mama mkwe wangu, mama wa watu mwenye huruma: "Hongera mwanangu. Ila huyo kijana aliyekushikia mwavuli mlipe vizuri, maskini ameloa."

Shemeji akamjibu kwamba alishamlipa zamani.