Bungo la Bure

Nilikuwa nimefuata dawa ya mbu supamaketi, mambo yangu kimya, mara macho yakatua kwenye kichupa cha jamu kinachoenea kiganjani mwa mtoto. Kimeandikwa "Mabungo Asilia". Shilingi 12,000. Nikakirudisha rafuni polepole kama nimeshika yai la watu.

Bungo! Tunda ambalo sisi tuliokulia Kisarawe hatukuwahi kulilipia hata senti. Tulikuwa tukipanda juu ya mwembe uliobebeshwa mtambaa wa mbungo, tunalipasua ganda kwa jiwe, tunamung'unya mbegu na kuzitema kichwani kwa aliyebaki chini. Sasa limevaa lebo, limekaa kwenye kiyoyozi, linaitwa "asilia", kana kwamba tuliyokuwa tunakula sisi yalitoka kiwandani.

Nikarudi nyumbani nimenuna. "Mama Zuhura, Jumamosi naenda Kisarawe kuchuma mabungo. Jamu tutatengeneza wenyewe."

Mama Zuhura alikuwa anachambua maharage, wala hakuinua uso. "Mtatengeneza wewe na nani?"

Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikaenda kutafuta upembo.

Niseme mapema kwamba Msitu wa Pugu haukuwa katika hesabu zangu. Ile ni hifadhi, kuingia unalipia, na huingii na kapu ukitoka nalo limejaa. Nilikuwa nategemea pori la kijijini kwa Mjomba, pori letu la utotoni. Daladala, kisha bodaboda, kisha miguu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na sukari?"

Nilikuwa nimekuja na upembo. Mjomba akautazama, akanitazama, akaniambia lile pori lilishauzwa. Lina bikoni, lina waya, lina mbwa wawili. Nikauliza mwenyewe ni nani. "Yuko Dar." Kila ninapokwenda kijijini naambiwa mwenye shamba yuko Dar. Nami nakaa Dar mwaka wa 22, sijawahi kukutana naye.

Kulikuwa na kipande kimebaki bondeni, na kweli mabungo yalikuwepo, ya rangi ya chungwa, yananing'inia juu kabisa ambako tumbili walikuwa wameshakula yao na kutuachia sisi maganda. Nikanyoosha upembo. Nikavuta. Lililoanguka si bungo, ni kundi la majimoto, wale wadudu wekundu wanaoshona majani, na waliingia moja kwa moja kwenye kola ya shati. Nikaruka pembeni. Pembeni kulikuwa na upupu.

Sitaki kueleza zaidi. Aliyewahi kuguswa na upupu anajua, na ambaye bado, namwombea Mungu asijue. Wakati nacheza ngoma ile nisiyoalikwa, vijana watatu wa darasa la tano hivi walikuwa wamekaa kwenye kichuguu wananitazama kwa utulivu. Nilipomaliza, mmoja akauliza kwa adabu kabisa, "Baba, tukuangulie? Mia mbili kila moja." Dakika 20 walikuwa wameleta 40. Nikalipa shilingi 8,000 kwa matunda ya bure, nikampa Mjomba hela ya sukari, nikarudi mjini najikuna daladala nzima, na abiria wa jirani akahamia kiti cha nyuma.

Kama hujawahi kutoa nyama ya bungo kwenye mbegu, usidanganywe na juisi unayouziwa kwenye glasi. Ile nyama imeshikana na mbegu kama mirathi na ndugu. Unaloweka, unafikicha, unachuja, unarudia. Na ganda lina utomvu mweupe unaonata kwenye kisu, kwenye vidole, kwenye ndevu. Mbungo ni wa ukoo mmoja na ile mitambaa iliyokuwa ikigemwa mpira huku pwani mwishoni mwa karne ya 19, ukasafirishwa Ulaya. Nililijua hilo tangu shule. Nililiamini usiku ule, nilipojaribu kuachia mwiko.

Jamu, wanasema, hugandishwa na vitu vitatu: pektini ya tunda, uchachu, na sukari. Uchachu nilikuwa nao wa kutosha mtaa mzima. Sukari inatakiwa ilingane na rojo kwa uzito, yaani kilo mbili kwa kilo mbili. Mwanzoni mwa 2024, sukari ilipoadimika, mimi huyu nilijifunza kunywa chai kavu na kusema ndiyo tamu. Sasa nikazimimina kilo mbili kwa mkupuo huku Mama Zuhura amesimama mlangoni, anaangalia kama anayeangalia nyumba ikiungua.

Ukitaka kujua kama imeiva, unadondosha tone kwenye sahani ya baridi na kulisukuma kwa kidole. Likijikunja, tayari. Langu lilikimbia. Nikachemsha, likakimbia. Mtungi wa gesi ukaisha, nikahamia kwenye mkaa. Saa tano usiku likajikunja, nikapiga kelele hadi Zuhura akaamka akidhani kuna mwizi.

Hapo ndipo likaja suala la chupa. Nyumbani kwetu hakuna chupa tupu. Zipo za kahawa, za siagi ya karanga, za mayonezi, lakini kila moja ina mpangaji: iliki, mdalasini, bizari, vifungo. Mama Zuhura akahamisha wapangaji sita kwenye karatasi, akazichemsha, akanikabidhi. "Sita. Nimezihesabu."

Asubuhi jirani akaja kuonja. Alikuja na mkate wake. Mama mkwe akaonja, akasema nzuri ila sukari imepungua, akaondoka na chupa. Shemeji akaondoka na mbili. Mjomba akapiga simu kuuliza yake iko wapi. Kufikia Ijumaa jamu haikuwepo, na mimi nilikuwa nimeonja ile ya kwenye sahani tu.

Mama Zuhura hajawahi kuniuliza habari za jamu. Anauliza chupa. Iliki yake iko kwenye gazeti, kila akipika chai ananionesha. Wiki iliyopita nikarudi supamaketi, nikatoa shilingi 12,000, nikakinunua kile kichupa cha mabungo ili nimrudishie walau kimoja. Akakipima kwa jicho. "Hiki hata karafuu haikai."

Kwa hiyo wewe uliyechukua chupa ya kahawa, ile kubwa yenye mfuniko wa kijani: jamu najua umekula, na imekupendeza, Mungu akuzidishie. Rudisha chupa. Usioshe, nitaosha mwenyewe.