Taksonomia ya Sufuria: Kuelekea Uainishaji wa Uji wa Oti wenye Matunda na Viungo

Mwaka 1753 Carl Linnaeus, bingwa wa mimea kutoka Uswidi, alichapisha kitabu chake Species Plantarum na kuipa oti jina la kitaalamu, Avena sativa. Katika kitabu hichohicho aliipa majina mindizi, miembe, mipapai, mitende na mikwaju. Kifungua kinywa chote kilikuwa mezani kwake, kimepangwa kwa kuhesabu stameni za maua, na bado mwanazuoni huyu hakusema hata mara moja ni kipi kinachotangulia kuingia sufuriani. Pengo hilo halijazibwa. Vitabu vya mapishi vimeridhika kumwambia msomaji aweke matunda na viungo apendavyo, kauli ambayo kitaaluma haina mashiko na jikoni ni hatari.

Makala haya yanahusu oti bapa tu, ile inayouzwa kwenye kopo au boksi. Punje zake hupitishwa kwenye mvuke kabla ya kubanwa, na kwa hiyo huiva upesi. Haina inda za unga wa ulezi, ambao wasomaji wa Kenya wanaujua kwa jina la wimbi. Unga ukimwagwa kwenye maji yanayotokota, wanga wa nje hufura papo hapo na kuufungia unga mkavu ndani, na hayo ndiyo mabonge yaliyovunja heshima ya wapishi wengi. Kipimo cha oti ni kikombe 1 kwa vikombe 2 vya maji au maziwa, moto mdogo, dakika 5. Hapa hakuna mgogoro wa kitaaluma, tusonge mbele.

Mgogoro unaanza pale tunapouliza: maji au maziwa? Madhehebu ni matatu. Dhehebu la Maji lina makao yake Scotland, nchi ambayo Samuel Johnson aliisimanga katika kamusi yake ya mwaka 1755 kwa kudokeza kwamba watu wake hula nafaka ambayo Waingereza huwapa farasi. Waskoti hawakutetereka. Tangu 1994 kijiji cha Carrbridge huandaa mashindano ya dunia ya kupika uji wa oti, na katika kundi la jadi mshindani haruhusiwi kutumia chochote zaidi ya oti, maji na chumvi. Wenye tamaa ya matunda na viungo wametengewa kundi lao la pembeni, kama watoto kwenye karamu ya harusi. Dhehebu la Maziwa ndilo lenye wafuasi wengi katika miji yetu. Dhehebu la Tui ni la pwani, na mwandishi huyu anakiri upendeleo wake kwalo, kwa sababu za kinadharia zitakazoonekana hivi punde.

Sasa matunda. Uainishaji uliozoeleka, wa matamu na machachu, hautufai, kwa kuwa unaeleza tu yanayotokea mdomoni, ilhali balaa hutokea sufuriani. Tunapendekeza tunda lipangwe kwa wakati wake wa kuingia. Watangulizi ni tende na zabibu kavu. Tende zikitolewa kokwa, zikakatwakatwa na kuchemshwa na maji kabla ya oti, huyeyuka na kuutia uji wote utamu, na hapo sukari inakosa kazi. Wandani ni ndizi mbivu, hasa zile zenye madoa meusi ambazo wanunuzi huzikwepa sokoni. Madoa ni dalili kwamba wanga wake umekwisha kugeuka sukari. Ndizi hiyo ipondwe na iingie oti ikiwa nusu ya kuiva. Wageni wa Mwisho, embe likiwa kiongozi wao, huingia moto ukiwa umezimwa. Embe lililochemshwa hupoteza harufu yake, na embe lisilo na harufu halina hoja.

Linabaki kundi gumu, Wakata-maziwa. Ukwaju na pasheni hukata maziwa kwa uchachu wao, jambo lililo wazi na lisilohitaji mtafiti. Nanasi ni suala jingine. Pamoja na uchachu, lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini ambacho huvunjavunja protini, na nanasi bichi likikaa kwenye maziwa huyaachia uchungu. Papai lina ndugu yake kimeng'enya hicho, papaini. Mpishi wa pwani anayepaka nyama papai bichi ili ilainike anaifahamu kazi yake vizuri. Papai lililoiva lina papaini kidogo, basi likiwekwa juu ya uji na kuliwa papo hapo halina neno. Likiachwa humo mpaka mtoto amalize kuitafuta soksi, ni habari nyingine.

Na hapa ndipo utafiti ulipofikia ugunduzi wake mkuu. Tangawizi mbichi, ambayo kila mtu anaihesabu kuwa kiungo, nayo ina kimeng'enya cha aina hiyohiyo, zinjibaini, na hugandisha maziwa ya moto. Wapika chai wanalijua hilo bila kusoma makala yoyote, ndiyo maana huchemsha tangawizi na maji kwanza, maziwa yakafuata. Tangawizi, kwa hiyo, si jamaa wa mdalasini. Ni jamaa wa nanasi na papai, na ukuta kati ya matunda na viungo umeanguka. Joto la kuchemka huviua vimeng'enya vyote vitatu, basi nanasi na tangawizi vitokote na maji peke yake kwa dakika chache. Uchachu wa nanasi lakini hauuliwi na moto, na anayelitaka kwa dhati ahamie Dhehebu la Tui. Tui likigawanyika kidogo hakuna anayeshtuka.

Viungo vilivyosalia havisumbui. Kijiti cha mdalasini kiingie na maji baridi. Mdalasini wa unga huelea na kujikunja vibonge, hivyo uchanganywe na oti ikiwa bado kavu. Karafuu ni moja kwa sufuria, nasema moja, kwa kuwa mafuta yake ndiyo yanayotumiwa na madaktari wa meno kutia ganzi, na mlaji anayekwenda kazini anauhitaji ulimi wake. Hiliki itwangwe asubuhi ileile na iingie mwisho kabisa. Harufu yake ni mafuta yanayoruka haraka, na ile ya unga iliyokaa kabatini tangu Idi iliyopita ni vumbi lenye jina zuri.

Jarida hili linakaribisha masahihisho. Fenesi bado halijaainishwa: lina utamu wa Mtangulizi, harufu ya Mgeni wa Mwisho, na utomvu usiotoka kisuni. Msomaji yeyote aliyewahi kulitia kwenye oti, awe wa Tanga, Kampala au kwingineko, tafadhali atuandikie, na aeleze pia kama alitumia maji, maziwa au tui.