Kontena la Muda: Mwongozo kwa Mwekezaji wa Isongole

Hongera. Kontena lako la futi ishirini limefika salama, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar, na pale Mpemba semi imekata kona bila kubeba kibanda cha mtu. Sasa litakaa wapi? Wengi hujibu bila kusita: hapo hapo litakaposhushwa. Kreni inadai pesa yake, dereva anataka kugeuza kabla giza halijaingia, na wewe ulishamwambia mama watoto kwamba hii ni ya muda tu. Muda huo ndio utakaokuwa msingi wako. Mwingine huna.

Wageni hucheka wakiona kontena hapa Isongole, mpakani mwa Tanzania na Malawi, limekalia mawe matatu na tairi. Wasicheke, kuna hesabu hapo. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inaipa barabara kuu na ya mkoa mita 30 kila upande kutoka katikati, na tangu lami ishuke kutoka Mpemba hadi Isongole, kilomita 50 za kupanda na kuteremka milima ya Ileje, kila mfanyabiashara anataka kuisogelea kuliko sheria inavyopenda. Kwa hesabu za mtaani, ukimwaga zege humo umejenga, ila ukiweka kontena umeegesha. Siku watu wa X nyekundu watakapopita na kopo lao la rangi kutia alama ya kubomoa, aliyejenga atalia na aliyeegesha atatafuta winchi. (Mwanasheria atakwambia wote wawili ni wavamizi. Usimuulize.) Kutokuwa na msingi ni bima, basi, na malipo yake hukatwa kila mwaka mvua zinapoanza, kuanzia Novemba hadi kama Aprili.

Tuanze kazi. Chagua sehemu iliyobonyea kidogo, ambako maji ya mapaa ya majirani hukutana kabla ya kwenda Mto Songwe. Usiondoe udongo wa juu. Majani yaache yaozee humo humo. Mtaro usichimbe, utawasumbua wateja kuruka. Chini panga matofali ya kuchoma, yale yaliyoiva nusu, maana ndiyo ya bei poa. Ukutani ni tofali zuri tu. Likilowa miezi mitano mfululizo na tani kadhaa juu yake, linakumbuka kwamba lilikuwa udongo.

Matofali hayo yapange katikati, chini ya tumbo la kontena, na pembe ziache zikining'inia. Hapa ndipo ustadi wa kuharibu ulipo, kwa hiyo niruhusu nikae kidogo. Tarehe 26 Aprili 1956, Mmarekani Malcom McLean alipakia makontena 58 kwenye meli Ideal X na kuyasafirisha kutoka Newark hadi Houston. Tangu hapo dunia nzima imejifunza kubeba mizigo ndani ya masanduku ya chuma, na siri ya masanduku hayo iko kwenye pembe. Nguzo nne za pembeni ndizo zinazobeba kila kitu: ndipo kreni inaponyanyulia, ndipo kontena la juu linapokalia lililo chini yake. Kuta zile za mikunjo husaidia fremu isipinde. Tumbo kazi yake ni kupokea mzigo na kuupeleka pembeni. Kwa maneno mengine, sanduku lililozaliwa kubebeshwa wenzake melini linaweza kushindwa na tope la Ileje, ilimradi ulishike mahali pasipostahili. Ukiongeza dirisha pana la duka ubavuni bila kuzungushia fremu ya chuma, kazi inakwenda haraka zaidi.

Matokeo utayaona mlangoni. Pembe moja ikititia sentimita chache tu, fremu inakwenda mshazari na zile fito za kufungia hazikutani tena na makomeo yake. Asubuhi unafungua kwa bega, jioni unafunga kwa teke. Sasa mwite fundi wa kuchomelea. Fundi mzuri atauliza kuhusu udongo. Huyo mlipe nauli aende. Unamtaka yule anayewasha grenda kabla ya salamu. Atakata ukingo wa mlango chini, utafunga vizuri hadi mvua zijazo, kisha atakata wa juu. Mlango ukiisha, kuna minyororo.

Wakati huo huo tafuta wa kumlaumu, kwa maana mpangaji wako atauliza kwa nini chupa tupu ya soda inajiviringisha yenyewe hadi kona ya mwisho. Tetemeko linafaa sana. Desemba 2009 upande wa Karonga, Malawi, ulitikiswa mfululizo, mtikisiko mkubwa ukifikia ukubwa wa kama 6, na tuko kwenye Bonde la Ufa, hakuna atakayebisha. Kwamba kontena lako limeshushwa mwaka jana si hoja. Au laumu mto. Huko chini, kati ya Kyela na Karonga, Songwe umehamahama kiasi kwamba mtu anaweza kulala na shamba Tanzania akaamka nalo ng'ambo; Tanzania na Malawi zikafika mahali pa kutia saini, mwaka 2017, mkataba wa kamisheni ya pamoja ya bonde lake. Mpaka wa nchi mbili umeshindwa kutulia mahali pamoja, wewe nani?

Wapo wachache wasio na subira ya kulitazama kontena likiinama kwa heshima. Kwao naandika yafuatayo shingo upande.

Subiri kiangazi. Toa mzigo wote, na mpangaji pia. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha, ujaze maji, upime pembe zote nne. Maji hayana ndugu wala hayasikilizi maelezo. Jeki ya tani ishirini utaazima kwa madereva wa malori, ila usiiweke juu ya udongo mtupu, iwekee gogo pana. Nyanyua pembe moja kidogo, weka magogo ya kushikilia, nenda nyingine. Mtu asiingie chini hata kama chenji imedondokea huko. Kontena tupu la futi ishirini lina tani mbili na ushee.

Chimba chini ya kila pembe mpaka uvuke udongo mweusi na ule uliofukiwa, ufikie ule unaokataa jembe. Shindilia. Mwaga zege, saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, upana wa futi mbili kila upande, kisha pandisha nguzo fupi hadi futi moja juu ya ardhi, hewa ipite chini, sakafu ya mbao isioze na chuma kisishike kutu. Zege limwagilie maji siku saba kabla ya kulishushia mzigo, hata kama mpangaji anapiga simu kila asubuhi. Mtaro chimba upande wa juu wa mteremko na uupeleke mbali. Sio kwa jirani.

Gharama? Mifuko michache ya saruji, mchanga, kokoto na vijana wawili wa kuchimba. Jumlisha ulizompa fundi wa grenda halafu ulinganishe, ukiwa umekaa.

Kisha rudi mita 30 kutoka katikati ya barabara, kama hukuwa umepima kabla ya kuchimba. Na ukikuta kopo la rangi nyekundu mlangoni, mwenye kopo akikuuliza kulikoni zege chini ya kitu ulichoapa kuwa ni cha muda, mtazame usoni umwambie hilo nalo ni zege la muda.