Wawili Tu, Tunaondoka

Ukitaka mazungumzo ya maana na mtu usiyemjua, tafuta gari ambalo halijajaa. Mabasi makubwa ya Mombasa na Nairobi hayafai kwa kazi hiyo. Yanaingia Voi kwa pupa, abiria wanashuka mbio, huyu chooni, yule kwenye chai, na chai haijapoa utingo ameshagonga ubavu wa basi. Watu wenye haraka kiasi hicho hawana la kukuambia ila "samahani, hicho kiti changu." Matatu ya Wundanyi ndiyo yenyewe. Haina saa ya kuondoka, ina idadi. Mpaka abiria wa 14 apatikane, nyinyi mliotangulia hamna kazi nyingine isipokuwa kutazamana, na Mtaita hawezi kumtazama mtu kwa muda mrefu bila kumuuliza yeye ni wa nani.

Mji wenyewe wa Voi umelelewa na kungoja. Reli ya kutoka Mombasa ilipita hapa mwishoni mwa karne ya 19, watu wakangoja treni. Mwaka 1915 Waingereza wakaanza kutandika reli nyingine kuelekea Taveta, mji ambao Wajerumani walikuwa wameuteka tangu Agosti 1914, na askari wakangoja reli iwafikishe vitani. Siku hizi anayetoka bara kwenda Mwatate, Wundanyi au Taveta hushushwa Voi na mabegi yake, ananyoosha miguu, anatazama kushoto na kulia, halafu anauliza. Akishauliza tu, kwisha. Atajibiwa, na hatajibiwa kwa ufupi.

Wa kwanza kustahili heshima zangu ni bwana mmoja niliyemkuta ndani ya matatu, kiti cha dirishani, koti mapajani, begi miguuni. Alinisogezea nafasi, akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia Mombasa, akanipa pole ya joto. Huko juu kwa shangazi yake, alisema, chini ya mlima Vuria, kilele cha mita 2,208, mwezi wa Julai watu wanalala na soksi. Shangazi alikuwa anaumwa goti. Goti lilianza siku alipoteleza akivuna kabichi, likapakwa dawa ya dukani, likagoma, likakandwa kwa majani, likagoma, na sasa watoto wake wamegawanyika: mkubwa anataka apelekwe hospitali, mdogo anasema mama aache kulima. Nami nilikuwa nimeshachagua upande. Ndipo akaingia mama mmoja na ndoo yake, na yule bwana akainuka, akachukua koti, akachukua begi.

"Haya, ndugu yangu. Safari njema."

"Kwani huendi?"

"Mimi? Niende wapi?"

Anayepanda matatu ameshaelewa. Ni abiria wa kukodiwa, wale wanaokalishwa ndani ili gari lionekane limekaribia kujaa, wapate visenti vyao na kuhamia gari linalofuata. Makanga alikuwa akiita "Wundanyi wawili! Wawili tu, tunaondoka!" tangu tulipokuwa wanne. Safari nyingine nilimwona kwenye gari la Taveta, dirishani, koti mapajani, na jirani yake amekunja uso kwa huruma. Sikutaka kumharibia kazi, lakini sikio halina mlango. Shangazi alikuwa amehamia Taveta, na siku ile aliyoteleza alikuwa akivuna ndizi. Kwa maoni yangu huyu ndiye msafiri hodari kuliko wote wa kaunti nzima, na sina hakika kama amewahi kupita Mwatate.

Treni nayo ina watu wake, ingawa kwa shida. Tangu treni ya Madaraka ianze mwaka 2017, viti vya daraja la chini vimewekwa kutazamana, magoti ya mtu yanagusana na ya mwenzake, na hapo ungetarajia maneno yamwagike. Lakini wote wanatazama nje wakitafuta ndovu. Ndovu wa Tsavo hujipaka ule udongo mwekundu mpaka kwa mbali hawatofautiani na vichuguu, na nimeona watu wazima, wenye kazi na familia, wakikipungia kichuguu mkono.

Siku moja niliketi karibu na mzee aliyekuwa akimsimulia mjukuu wake habari za wale simba wawili waliowala wajenzi wa daraja la mto Tsavo mwaka 1898. Ilikuwa ile treni inayosimama kwenye vituo vidogo, na hadithi ilikuwa ikipanda kadiri ya vituo. Tulipotoka Miritini simba walikuwa wamekula watu 28. Mariakani wakawa wamekaribia 50. Tulipoondoka Miasenyi walifika 135, na kama Voi ingekuwa mbele kidogo, reli isingebaki na kibarua. Mzee hakuwa mwongo. Ile 28 ndiyo hesabu ya vibarua wa Kihindi iliyotolewa na shirika la reli; ile 135 ni ya John Henry Patterson mwenyewe, mhandisi aliyewapiga risasi simba wale; na wanasayansi waliopima nywele na mifupa yao wamekisia kama 35. Alichofanya mzee ni kupita katika vitabu vyote, ila ile 35 aliiruka, nadhani kwa kuwa haikufaa kumalizia safari.

Mjukuu akauliza simba wenyewe wako wapi. Chicago, babu akamwambia: Patterson alizifanya ngozi zao mazulia ya nyumbani kwake miaka 25, kisha mwaka 1924 akaziuza kwa makumbusho ya huko kwa dola 5,000.

"Walikuwa wanawakanyaga?"

"Kila siku."

"Na viatu?"

"Na viatu."

Mtoto akafikiri. "Basi wamelipa," akasema, akarudi kwenye vichuguu vyake.

Lakini hadithi ambayo ukweni kwangu Wundanyi hunidai kila nikifika ni ya jogoo.

Tulikuwa tumeshaondoka Voi, gari limejaa kweli. Kiti cha mbele yangu alikaa kijana wa shati la mikono mirefu, mfukoni ana tochi ndogo. Mtu mwenye tochi mchana, katika kaunti hii, ni mtu wa mawe. Alinyamaza mwendo mzuri, kisha akatoa karatasi nyeupe iliyokunjwa na kukunjwa tena. Akaifungua juu ya goti, kunjo moja moja, kwa ncha za vidole. Ndani palikuwa na kijiwe cha kijani kisichofika punje ya hindi. Akakiwekea tochi kwa chini, na kijani kikawaka, kikapanda mpaka kwenye kucha ya dole gumba. Gari zima likainama.

Ilikuwa tsavoraiti, au ndivyo alivyosema. Jiwe hili mwanajiolojia Campbell Bridges aliliona kwanza Tanzania mwaka 1967, akaja kulipata tena upande huu wa Taita mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1974 duka la Tiffany la New York likaliita kwa jina la Tsavo. Tangu hapo sijaonana na familia ya hapa isiyo na mjomba aliyekosa utajiri kidogo tu.

"Si chupa ya soda hiyo?" akauliza mama aliyekaa ubavuni mwake. Alikuwa amepakata kikapu, na ndani ya kikapu jogoo mwekundu, miguu imefungwa, kichwa kiko nje kikifuatilia mambo.

"Mama, uliona wapi chupa ikiwaka hivi?"

"Nimeona. Ilikuwa ya kijani hivyo hivyo."

Dereva akakutana na tuta ambalo hakulitarajia. Sote tuliruka, tukarudi. Karatasi nayo ilirudi gotini. Jiwe halikurudi.

"Mtu asishuke!" kijana akapiga kelele, ingawa gari lilikuwa bado linakwenda. Dereva akaegesha kando. Tukainua miguu, tukakung'uta sketi, mzee mmoja akaombwa akunjue pindo za suruali, akazikunjua kwa heshima, zikatoka shilingi kumi na kipande cha muwa. Jiwe hakuna. Hapo ndipo kitoto kilichokuwa kimepakatwa nyuma kikasema, bila uadui wowote, "Jogoo amemeza."

Tukamgeukia jogoo. Jogoo akatutazama kwa jicho moja, kisha kwa la pili.

Kijana akajikaza. Akasema wakifika Mwatate atamnunua jogoo kwa shilingi 1,000, achinjwe, mambo yaishe.

"Elfu moja ni bei ya jogoo mtupu," mama akasema. "Huyu ana madini."

"Si umesema ni chupa ya soda?"

"Nilisema kabla hajameza."

Mzee wa pindo za suruali, ambaye kumbe alikuwa karani wa serikali kabla ya kustaafu, akaona ni wajibu wake kuingilia kati. Alitukumbusha kuwa kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2016, madini yote yakiwa katika hali yake ya asili ni mali ya Jamhuri. Akaulizwa kama firigisi ni hali ya asili. Akasema hilo ni la mahakama. Mwingine akadakia kwamba sheria hiyo hiyo inagawa mrabaha: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, na 10 jamii ya mahali yanapochimbwa madini. Kimya kikapita. Ilichukua muda mfupi sana kwa abiria 14 kukubaliana kuwa jamii ni sisi. Makanga akadai naye ahesabiwe, kwa kuwa gari ndilo eneo la machimbo. Kijana aliniangalia mimi, mtu wa Mombasa, akidhani labda ningekuwa upande wake, lakini asilimia 10 ni asilimia 10.

Mpaka tunaingia Mwatate bei ilikuwa 4,500, na kikapu kinauzwa kando. Mama alikuwa ameshaanza kumpapasa jogoo shingoni akimwita baba. Wakashuka pamoja, kijana ametangulia, amegeuza uso nyuma kama mtu anayesindikiza bibi harusi, nao wakapotea sokoni wakibishana. Sijui nani alimchinja jogoo, wala kama alichinjwa. Nimewahi kuulizia, nikapewa majibu matatu, moja likiwa kwamba jogoo yule ana watoto.

Kushuka kwao kukatuachia nafasi. "Wawili!" makanga akaanza upya. "Wundanyi wawili tu, tunaondoka!"

Katika kiti cha jogoo akaingia kijana wa Machakos, viatu vipya, kreti ya soda, mikate, sukari na majani ya chai. Hakuna aliyehitaji kuuliza, ila mzee karani aliuliza. Kijana akaeleza: anafanya kazi Mombasa, amepata mchumba wa Wundanyi, leo anakwenda kujitambulisha. Tukaianza ile barabara ya kupanda milimani, kona juu ya kona, na kila kona kijana alimwaga siri zaidi. Alikuwa ameambiwa baba wa binti ni mkali. Kwamba hapendi watu wanaochelewa. Kwamba ana tabia ya kunyamaza mpaka mgeni aanze kujilaumu mwenyewe.

Abiria tulitulia tuli. Hadithi hii kila mtu anaijua: kijana anamsema mkwe wake kwa mzee asiyemjua, na mzee ndiye mkwe. Tukamwona mzee akiuliza jina la huyo baba. Kijana akalitaja. Mzee akalifikiria kona mbili nzima.

"Simjui," akasema.

Na kweli hakumjua. Sijapata kuona gari likikata tamaa kwa pamoja namna ile. Makanga alisonya waziwazi.

"Mimi namjua," ikasema sauti kutoka kiti cha nyuma.

Alikuwa mama wa makamo, mwenye leso begani na daftari gumu mkononi. Alisema baba huyo ni mtu mzuri sana, mcha Mungu, mkulima hodari wa mboga. "Wala si mkali, mwanangu. Ananyamaza kwa sababu ana mawazo. Ana deni la kikundi chetu tangu Desemba. Mimi ndiye mweka hazina."

Kijana akageuka mzima mzima. Mama akampa ushauri, na ulikuwa ushauri wa bure wa hali ya juu: amsalimie mama mkwe kwanza, akiletewa kimanga, ale, akiongezwa, ale tena, maana mgeni anayeacha maharagwe na viazi vilivyopondwa vizuri namna ile hana nia ya kukaa na mtu; na asijibu swali la mshahara kwa tarakimu. Kijana alikuwa na simu mkononi, ameandika humo mambo atakayoyasema, nambari moja hadi ya mwisho, naye akawa anaongeza.

"Ukishamaliza kula," mama akaendelea, "mwambie mweka hazina anamsalimu."

"Nimwambie anamsalimu tu?"

"Tu. Ataelewa mwenyewe."

Wundanyi tukashuka. Kijana akajifuta vumbi viatuni, akabeba kreti. Hakuwa amefika mbali, mama, aliyekuwa bado garini, akatoa kichwa dirishani.

"Mwanangu! Ukiona amefurahi, mwambie na riba."

Kijana akasimama katikati ya njia, akatua kreti chini, akatoa simu. Nilikuwa karibu, nikaona alipoiandika: baada ya salamu za wazazi, kabla ya siku ya kuleta mahari.