Jinsi ya Kupima Vichekesho vya Marekani Ukiwa Garsen

Kwanza hakikisha stima ipo. Wahakiki wa New York hawaligusi jambo hili kwa sababu hawajawahi kufikishwa kwenye ukingo wa kichekesho, mchekeshaji kashavuta pumzi, ukumbi kimya, halafu giza totoro. Kwetu Garsen kichekesho kilichokatizwa na stima hupewa nusu ya alama zake. Nusu ya pili hungoja asubuhi, pale atakapotokea mtu aliyemalizia kwenye simu akasimulia kilivyoishia. Mwisho wake ukiwa mtamu kuliko ule wa kwenye flashi, alama zote achukue yeye.

Vifaa ni vichache: flashi iliyojazwa kwenye duka la muvi, runinga ya hotelini, chai ya rangi na chapati ya kushikilia mkononi ili usionekane umekuja kutazama bure. Usipimie nyumbani. Mtu mzima akisikika anacheka peke yake chumbani saa nne usiku, majirani huanza kuulizana ni nani wa kumpeleka hospitali ya Ngao. Hotelini kuna baraza kamili la waamuzi, na hapo ndipo Garsen inapoizidi miji mikubwa. Huu ni mji wa njia panda. Kuna abiria wa Lamu aliyeshuka kunyoosha miguu, dereva wa Hola, Mpokomo aliyeleta maembe sokoni, Muorma aliyekuja kuuliza bei ya ng'ombe, Mwardei, Mgiriama na mwalimu kutoka Kisumu anayengoja uhamisho. Kule Washington, Kennedy Center imekuwa ikitoa Tuzo ya Mark Twain kwa wachekeshaji tangu 1998, wa kwanza akiwa Richard Pryor. Sijasikia kwamba kwenye kamati yao kuna hata mchunga ng'ombe mmoja.

Baraza likishaketi, tenga masikio yako na kicheko cha kwenye rekodi. Hapa ndipo wengi hupotea. Ukumbi mzima wa Atlanta ukiangua kicheko, na wewe unajikuta umetanua meno kabla hujajua kilichosemwa. Sasa elewa kinavyopikwa. Aghalabu mchekeshaji hurekodiwa maonyesho mawili au zaidi, kisha wahariri wakachagua pale alipong'ara na kuacha pale alipojikwaa. Kabla hajapanda jukwaani, mwingine ametangulia kuwapasha watu moto. Kamera nayo haimwonyeshi aliyesinzia. Humtafuta yule anayejipiga mapaja. Mnamo miaka ya 1950 fundi mmoja wa sauti huko Marekani, Charley Douglass, aliunda kabisa mashine ya kupigia vicheko kwenye tamthilia za televisheni, ukibonyeza hapa wanacheka wanawake, pale wanaume. Wachekeshaji wa jukwaani husema wao hawana mashine hiyo. Kweli hawana, lakini mkasi wanao.

Ushahidi ni Chris Rock. Tarehe 4 Machi 2023 alitumbuiza Baltimore na Netflix wakairusha moja kwa moja duniani kote, mara yao ya kwanza kufanya hivyo kwa kichekesho. Huku kwetu ilikuwa Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, wengine wametoka kuswali alfajiri, wengine wanapiga pasi nguo za kanisani. Watu walikuwa wakingoja tangu mwaka uliotangulia wasikie atasema nini kuhusu kofi alilozabwa na Will Smith kwenye Tuzo za Oscar. Alipofika penyewe, kwenye utani wenyewe wa kofi, akachanganya majina ya filamu, ikabidi ajisahihishe mbele ya dunia. Leo ukiitafuta rekodi hiyo, kosa hulioni. Limeng'olewa. Na hilo ndilo lililonichekesha zaidi katika saa nzima.

Kwa hiyo kicheko cha ukumbini usikipe alama. Wale wamelipia tiketi, wamelipia maegesho, wamemlipa yaya wa kubaki na watoto. Wasipocheka wamekula hasara. Mteja wa hoteli ya Garsen amelipia chai, na chai ameshainywa. Hana deni na mtu.

Kicheko cha pili cha kujihadhari nacho ni cha hapo hapo mezani. Kila baraza lina mtu anayecheka kabla ya wenzake. Mara nyingi ni kijana aliyerudi kutoka Nairobi, au bwana wa shirika aliyekuja kugawa mahema wakati wa mafuriko akaupenda mji. Huyu hachekeshwi na kichekesho. Anaonyesha cheti chake cha Kiingereza. Dawa yake ni mzee mmoja mtulivu, ikiwezekana mwenye bakora.

"Amesema nini huyo, mwanangu?"

"Aa, mzee, huo ni utani wa ndani sana."

"Ndani ya wapi?"

Kijana akishindwa kujibu swali hilo la pili, futa kicheko chake na cha wote waliomfuata. Akijibu, na mzee akatikisa mabega hata mara moja, andika alama kamili. Mzee hana haja ya kumfurahisha mtu wa Atlanta.

Utaniuliza kwa nini tusitafute mkalimani mmoja tukapumzika. Wengi wetu tulilelewa na DJ Afro, sauti yake ikipanda juu ya filamu za mapigano kwenye vibanda vya vidio, akimpa kila jambazi jina la mtaani na kututangazia kipigo kabla hakijafika. Watanzania walikuwa na Lufufu, na Waganda wana mavijei wao hadi leo. Lakini sanaa hiyo ina masharti. Teke halihitaji tafsiri, kwa hiyo msimulizi anapata nafasi ya kujinafasi. Kwenye kichekesho cha jukwaani kuna mtu mmoja, kipaza sauti, stuli na chupa ya maji. Hakuna gari linalolipuka. Msimulizi akinyamaza hakuna kitu, akisema lazima achekeshe yeye mwenyewe, na akichekesha basi onyesho limekuwa lake. Nawashauri mkimpata mtu wa kuwatafsiria hotelini, mfungulieni ukurasa wake mwenyewe wa alama. Mara nyingi atamshinda aliyeuza tiketi.

Pia tafsiri hufanya kicheko kije kwa awamu. Wanacheka wenye Kiingereza, kisha waliotafsiriwa, kisha wapishi jikoni wanaowacheka waliochelewa. Pima awamu hiyo ya tatu. Ndiyo pekee isiyo na unafiki.

Baada ya hapo tazama mada, kwa sababu si kila mzigo unavuka mto. Malalamiko ya ndege hayavuki. Mchekeshaji anahangaika jukwaani dakika saba kwamba kiti kilikuwa kifinyu na karanga zilikuwa chache. Mbele yake ameketi mtu ambaye barabara ya Lamu ilipofunikwa na maji pale Lango la Simba alivushwa kwa boti, godoro kichwani, na mbuzi wa abiria mwenzake akimtafuna kanzu. Huruma itoke wapi? Mbwa anayefanyiwa sherehe ya kuzaliwa havuki. Daktari wa kusikiliza huzuni zako kwa saa na kukutoza havuki pia, maana hapa huduma hiyo hutolewa maskani bila malipo, na siri zako husambazwa bila malipo vilevile.

Kiatu cha mama huvuka. Eddie Murphy kwenye Delirious ya 1983, iliyorekodiwa Constitution Hall mjini Washington, anaeleza shabaha ya mama yake ya kurusha viatu, na hapo hata wasiojua neno la Kiingereza hujikinga uso. Lakini Murphy anaanza na alama za ziada ambazo hakuzitafuta. Amevaa suti nyekundu ya ngozi, juu mpaka chini. Mlete Garsen mwezi wa Februari, saa nane mchana, na suti hiyo. Hotelini watu hucheka kabla hajafungua mdomo, na swali linaloulizwa ni moja tu: nani alimruhusu kutoka hivyo nyumbani?

Anayevuka bila hata kulowa ni Bernie Mac. Filamu ni The Original Kings of Comedy ya 2000, Spike Lee akiwa mwongozaji, imerekodiwa Charlotte kule North Carolina. Bernie anasimulia alivyochukua watoto watatu wa dada yake, dada akiwa ametekwa na dawa za kulevya, na jinsi watoto hao walivyomgeuzia nyumba. Kwa Wamarekani kiini cha kichekesho ni kwamba mwanamume mzima amejikuta na watoto wasio wake. Kwa baraza la Garsen hiki hakionekani hata kidogo. Hapa nani hana watoto wa dada yake nyumbani? Mwenye watatu anaonekana kapunguziwa. Kwa hiyo sehemu ya kwanza inapita kimya, na mgeni angeandika kwamba Bernie ameanguka.

Subiri. Anapofika kwenye yule mdogo wa miaka miwili mwenye jicho la kiburi, asiyetishika kwa chochote, hoteli inavurugika. Kila mtu anamjua mtoto yule. Wengine wamemwacha nyumbani dakika chache zilizopita. Ukizuka ugomvi wa maziwa na biskuti baraza hugawanyika. Wakulima wako upande wa mjomba. Waorma hawaelewi kabisa: mtoto na maziwa, ugomvi unatoka wapi? Nimesikia mjadala huo ukiendelea hadi runinga ikasahauliwa. Mizani yangu inahesabu mjadala wa namna hiyo kuwa sawa na vicheko ishirini.

Richard Pryor anahitaji kanuni yake peke yake, kwa kuwa ni mgeni aliyefika. Alikuja Kenya mwaka 1979, na kwenye Live on the Sunset Strip ya 1982 anaeleza alivyoketi kwenye ukumbi wa hoteli Nairobi akatazama huku na huku, akaona watu weusi wakifanya kila kazi, na papo hapo akaamua kuliacha lile neno la kuwadharau watu weusi alilokuwa akilitumia jukwaani miaka yote. Kule kwenye onyesho watu walimpigia makofi. Hotelini kwetu mtu mmoja akauliza, "Alitarajia kuwakuta akina nani?" Swali la haki. Hata hivyo mimi nampa alama zote kwa kipande hicho kisicho na kicheko hata kimoja, kisha nampunguza moja kwa kuishia Nairobi na mbuga za wanyama na kutouona Mto Tana.

Kuhusu matusi, kanuni ni fupi. Rimoti ashike mwenye hoteli, naye aketi akitazama mlango. Tusi ndilo neno la Kiingereza ambalo kila mtu amelielewa, na mama mkwe wa mtu anaweza kuingia wakati wowote kuuliza kama mahamri yamebaki. Adhana ikiadhiniwa, zima. Usipunguze sauti tu. Mchekeshaji akibaki bubu huku anarukaruka kwenye skrini, atachekesha kwa sababu zisizo zake na vipimo vyote vitaharibika.

Usitangaze matokeo usiku huo. Kipimo chenyewe hufanyika kesho yake kwenye steji ya bodaboda, bila runinga, bila flashi. Tega sikio. Je, kuna anayesimulia? Anasimulia kwa Kipokomo au Kiorma, na ambao hawakutazama wanacheka? Alama ya chini ni pale mtu anaposema "ungeona mwenyewe", maana yake marehemu hakuacha kitu. Ya kati ni pale anapokumbuka utani lakini kasahau aliyeusema. Alama ya juu kabisa hutolewa pale mwanabodaboda anapoapa kwamba yule mtoto wa miaka miwili ni wa binamu yake anayekaa Tarasaa, na anamtaja mpaka jina la shule ya nduguze. Siku hiyo Marekani imeshaibiwa mali yake, na kazi ya mhakiki imekwisha.

Ukitaka uhakika zaidi, weka mizani ya ulinganisho. Baada ya Mmarekani, pandisha dakika kumi za King Majuto, yaani marehemu Amri Athumani wa Tanga, aliyetutoka Agosti 2018. Mpishi akitoka jikoni na mwiko mkononi, Mmarekani ameshindwa. Mtasema si haki, Majuto yuko kwenye lugha yake na pwani yake. Si haki, nakubali. Lakini wenzetu wanapomtangaza mtu wao kuwa mchekeshaji bora wa dunia, nani alikuja Garsen kutuuliza?

Matokeo basi: Bernie Mac wa kwanza kati ya wageni, akifuatiwa kwa karibu na kiatu cha mama yake Eddie Murphy. Pryor amefaulu kwa heshima. Chris Rock arudie mtihani, safari hii bila mkasi. Wote waliolalamikia karanga za ndege wamefutiwa matokeo. Majuto hakushindanishwa, alikuwa mwenye nyumba. Mwenye rufaa aifikishe hotelini kabla ya saa tatu usiku, kwa sababu baada ya hapo runinga ni ya mpira.