Sifa za Kompyuta Yenye Haya

Washairi wetu wameshausifu mnazi na jahazi. Mimi leo naisifu kompyuta ya ofisini kwangu, ile ambayo ukiiomba ioneshe mitandao ya Wi-Fi, hujibu kwa adabu kwamba hakuna hata mmoja.

Sifa yake kuu ni haya. Jengo letu liko katikati ya Dar es Salaam, na simu yangu nikiilaza pembeni yake humwaga kila kitu: mtandao wa duka la dawa, wa wakili wa juu, wa saluni ng'ambo ya barabara, na wa bwana mmoja aliyeuita wake "Lipa Kwanza". Simu ni mmbea. Kompyuta yangu imetulia kama mwari aliyewekwa ndani. Vya saluni haivijui, vya wakili haivitamani, nywila ya mtu haijawahi kuibahatisha. Ruta ya ofisi yenyewe inaipepesea taa kutwa kucha toka juu ya kabati, na haijaitupia jicho. Jirani mmoja mjuaji alisema ni asili yake: mtumba wa Marekani, na nyingi za huko hufungiwa zisione chaneli za 12 na 13, ambazo ruta za kwingine huzitumia. Maelezo mazuri, ila saluni nayo iko chaneli ya 6.

Tena ni mwekevu wa bando, na masasisho ya Windows hayaisumbui.

Chanzo cha haya hiyo ni alama ndogo ya njano kando ya jina la kadi ya Wi-Fi. Kitengo cha TEHAMA kiliipiga Windows upya, draiva ya kadi kikaisahau. Windows ikanishauri niitafute mtandaoni! Basi nikaishusha kwa simu, nikaitia kwenye flashi. Kumbe kuiweka kunataka nywila ya msimamizi, na nywila hiyo wanayo TEHAMA peke yao, na TEHAMA hawapokei shida ya mtu ila kwa kujaza ombi kwenye mfumo, na mfumo haufunguki ila kwa kompyuta ya ofisi iliyo kwenye mtandao wa ofisi. Nani alikaa akalipanga hili, akalipwa na posho ya kikao?

Nilishuka mwenyewe. Kijana hakuinua uso. "Shikamoo mzee. Umejaribu kuzima na kuwasha?" Nikaazima kompyuta ya mhasibu, nikajaza ombi. Siku iliyofuata mhasibu akanisomea jibu: ombi limefungwa, mtumiaji hakupatikana mtandaoni.

Wakubwa wa TEHAMA, mimi napatikana ghorofa ya tatu, mlango wa mwisho, tangu saa mbili asubuhi. Flashi iko mezani. Njooni na nywila tu.