Dirisha la Wazee

Bango la kumpisha mzee ahudumiwe kwanza halikosekani kwenye ukuta wa zahanati. Babu yangu mmoja wa upande wa Handeni anasema yeye hupishwa kweli. Hupishwa mapokezi, hupishwa kwa daktari, na dirisha la dawa hupishwa pia, awahi kuambiwa dawa hakuna. Walio nyuma yake wamebaki na matumaini ya saa mbili zaidi.

Kitambulisho cha matibabu bure anacho, kakifunga kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kura. Sera ya Taifa ya Wazee ilitolewa mwaka 2003. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule keshafikisha umri wa kupiga kura. Zanzibar walianza pencheni jamii mwaka 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyetimiza miaka 70. Babu, aliyekata mkonge Korogwe hadi viganja vikawa magome, ameniuliza nauli ya boti ni kiasi gani.

Na baraza la wazee? Lipo, tena lina kazi. Mgeni akija, wazee huketishwa mbele, huomba dua, husifiwa busara, hupigwa picha. Ikifika zamu ya bajeti, hukaribishwa chai.

“Juzi wametuambia tuombe mvua, mjukuu wangu,” alinidokeza. “Nikachomekea na panadol.”